Kutengeneza Ukurasa wa Darasa Ambao Wanafunzi Watautumia Kweli: Mwongozo Kamili kwa Walimu

Mwanafunzi hafungui ukurasa wa darasa ili aone ulivyopambwa. Anaufungua kwa sababu ana swali: wiki hii tuna kazi gani, inakusanywa lini, karatasi ya maswali naipata wapi? Mara nyingi yuko kwenye simu, bando limebaki kidogo, na muda hana. Akipata jibu upesi, atarudi. Akikosa mara mbili tatu, atamwuliza mwenzake kwa ujumbe, na tangu hapo ukurasa unakosa wasomaji hata kama mwalimu anauandika kila siku.

Kwa hiyo hatuanzi na rangi wala picha ya juu. Tunaanza na maswali ya mwanafunzi, kisha tunafuata njia ambayo mwalimu asiye fundi wa kompyuta anaimudu: saa chache za kazi mwanzoni, halafu dakika 20 hivi kila wiki. Ukurasa mzuri ni ule ambao wiki ya kumi ya mhula bado uko sahihi. Kurasa nyingi za walimu hufa kabla ya hapo, na sababu karibu kila mara ni kwamba zilipangwa kwa ukubwa ambao mtu mmoja hawezi kuutunza.

## Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kugusa kompyuta

Chukua karatasi. Andika maswali yote ambayo wanafunzi na wazazi wamekuuliza mwezi huu, kwa maneno yao wenyewe. Kisha weka alama kwa yale yanayojirudia. Kwa walimu wengi orodha inabaki na mambo matano au sita: kazi ya sasa, tarehe, mafaili, jinsi alama zinavyotolewa, aliyekosa kipindi afanye nini, na mwalimu anapatikanaje.

Hayo ndiyo ukurasa wako. Chochote kisichojibu mojawapo ya maswali hayo kisubiri. Wasifu mrefu wa mwalimu, salamu za karibu za aya tatu, hali ya hewa, saa inayozunguka, misemo ya kutia moyo: vyote hivi hula nafasi ya juu ya skrini, nayo ndiyo nafasi ya thamani kuliko zote.

Amua pia nani msomaji wa kwanza. Ukurasa unaojaribu kuwahudumia wanafunzi, wazazi na mkuu wa shule kwa wakati mmoja humchanganya kila mmoja wao. Mwanafunzi awe wa kwanza, na wazazi wapewe ukurasa wao mmoja mfupi kwenye menyu.

## Hatua ya 2: Chagua jukwaa

Kama shule yako tayari ina mfumo wake, anza na huo hata kama haukuvutii. Kinachowaumiza wanafunzi zaidi ni kulazimika kukumbuka anwani saba na nywila saba kwa masomo saba.

Kama uko huru kuchagua, Google Sites inatosha kwa walimu wengi. Ni ya bure, haina matangazo, na kurasa zake zinajipanga zenyewe kulingana na upana wa simu. Haikuruhusu kubadilisha mambo mengi ya sura, na kwa kazi hii hilo ni jambo jema, kwa sababu muda wako utaenda kwenye maudhui. WordPress ina uwezo mkubwa zaidi, lakini ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe unabeba jukumu la kuisasisha. Viongezi (programu ndogo za kuiongezea uwezo) vilivyozeeka ni mlango wanaoupenda sana wadukuzi. Ile ya bure ya WordPress.com huonyesha matangazo ambayo huna usemi juu yake, na kwa ukurasa wa watoto hilo linatosha kuikataa. Kuandika HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti, kwa mkono kunatoa kurasa nyepesi kuliko zote, na anayeiweza asisite, ila ajiulize nani ataurekebisha ukurasa siku akiwa mgonjwa.

Moodle na Google Classroom ni vitu vya aina nyingine. Humo mwanafunzi anaingia kwa akaunti, anakusanya kazi, na anaona alama zake. Ukurasa wa darasa hauzibi nafasi hiyo wala haupaswi kujaribu. Vikitumika pamoja, ukurasa wa wazi uwe na ratiba, maelezo na mafaili ya kusoma. Kazi za wanafunzi na alama zibaki ndani ya mfumo wenye nywila.

Jambo moja la kufanya siku ya kwanza: fungua ukurasa kwa akaunti ya shule, wala si barua pepe yako binafsi, na mpe mwenzako mmoja haki ya kuhariri.

## Hatua ya 3: Chora ramani ya kurasa

Kwenye karatasi, chora kisanduku kwa kila ukurasa. Menyu ikizidi vitu sita, punguza. Mgawanyo unaofanya kazi kwa masomo mengi ni huu:

- Wiki hii (ndio ukurasa wa mwanzo)
- Wiki zilizopita
- Mafaili na rejea
- Kanuni za alama na ukusanyaji
- Kwa wazazi
- Wasiliana

Majina ya menyu yawe ya kawaida kabisa. Mwanafunzi anayetafuta zoezi hatabofya kitu kinachoitwa "Bustani ya Maarifa", maana hajui kama zoezi liko humo. Ukifundisha madarasa matatu, mpe kila mwanafunzi njia ya kufika darasa lake kwa mguso mmoja: vitufe vitatu vikubwa juu kabisa, kila kimoja na jina la darasa. Usiwachanganye wote kwenye orodha moja ya matangazo, kwa sababu wa darasa la chini watafanya kazi ya darasa la juu, au hawatafanya kabisa.

## Hatua ya 4: Ukurasa wa mwanzo

Kwenye simu, skrini ya kwanza kabla ya kuteremsha hubeba takriban mistari 12 hadi 15 ya maandishi. Chukulia kwamba baadhi ya wanafunzi hawatateremsha zaidi. Ndani ya mistari hiyo waone jina la somo na darasa, nambari na tarehe za wiki, kazi ya kufanya, na siku ya kukusanya. Picha ya juu inayojaza skrini nzima, ambayo violezo vingi huja nayo, inasukuma yote hayo chini. Iondoe, au ibane ibaki ukanda mwembamba.

Kilicho kipya kikae juu. Tangazo la wiki ya pili likiendelea kukaa juu ya tangazo la wiki ya sita, msomaji ataamini ukurasa umetelekezwa. Kwa sababu hiyohiyo, weka mstari mdogo unaosema ukurasa ulihaririwa lini. Mwanafunzi akiona tarehe ya jana, anaamini anachosoma.

Epuka mabango yanayojibadilisha yenyewe. Msomaji wa polepole hajamaliza la kwanza, la pili limeshakuja, na yaliyo nyuma hayaonwi na mtu.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Usiandike "kesho" au "Ijumaa ijayo", maana maneno hayo hubadilika maana kila siku ukurasa unapofunguliwa. Andika siku, tarehe na mwaka. Na saa ziandikwe kwa namna mbili, kwa sababu simu ya mwanafunzi inasoma 08:00 wakati yeye na wewe mnasema saa mbili asubuhi. "Kabla ya saa 6:00" bila neno asubuhi, mchana au usiku ni mgogoro uliokwisha kuanza: mmoja ataelewa adhuhuri, mwingine usiku wa manane, na wa tatu alfajiri kwa kuisoma kama simu inavyoisoma.

## Hatua ya 5: Ukurasa wa wiki na maelekezo ya kazi

Hapa ndipo ukurasa unapofundisha au kushindwa, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa. Tengeneza kiolezo kimoja na ukitumie kila wiki, vipengele vilevile kwa mpangilio uleule. Baada ya wiki tatu wanafunzi hawatatafuta tena, macho yataenda yenyewe. Mfano wa somo la Biolojia:

> Wiki ya 5: Usanisinuru (9–13 Machi 2026)
>
> Lengo: Utaweza kueleza kwa nini jani lililokaa gizani siku mbili halibadiliki kuwa bluu-nyeusi likipimwa kwa iodini.
>
> Soma: Maelezo ya usanisinuru, kurasa 2 (PDF, KB 180)
>
> Fanya: Zoezi la 5, maswali 1 hadi 6 (PDF, KB 90). Swali la 6 linahitaji mchoro wa penseli wenye majina ya sehemu.
>
> Kusanya: Ijumaa, 13 Machi 2026, saa 2:00 asubuhi (08:00), kwenye daftari, mwanzoni mwa kipindi.
>
> Alama: 20. Maswali 1–5 alama 3 kila moja. Swali la 6 alama 5.
>
> Ukikwama: Tazama swali la mfano, lisilo kwenye zoezi, lililojibiwa hatua kwa hatua.

Angalia vitu vinavyosahaulika mara nyingi katika maelekezo. Lengo limeandikwa kama jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya na mwalimu kulipima. "Kuelewa usanisinuru" hakuna anayeweza kukipima. Ukubwa wa faili umetajwa ili mwenye bando dogo aamue mwenyewe. Namna ya kukusanya imetajwa, na hii huzuia maswali mengi kuliko kitu kingine chochote: daftari, karatasi, picha ya simu au faili? Mgawanyo wa alama unamwambia mwanafunzi nguvu zake aziweke wapi.

Kila kitenzi kianze sentensi yake: soma, fanya, pima, chora, kusanya. Ukiandika "wanafunzi wanatarajiwa kuwa wamesoma maelezo yaliyoambatanishwa kabla ya kujaribu zoezi", hatua mbili zimejificha ndani ya sentensi moja, na ya kwanza itarukwa. Kazi yenye hatua zaidi ya tatu iwekewe nambari. Na kama kuna kosa ambalo wanafunzi hulifanya kila mwaka, litaje palepale kwenye hatua inayohusika. Maonyo yaliyokusanywa chini ya ukurasa husomwa baada ya kosa kutendeka.

Mfano mmoja wa jibu zuri una nguvu kuliko aya ya vigezo. Piga chapa jibu la swali moja, eleza pembeni kwa nini limepata alama zake, na uchague swali ambalo halimo kwenye sehemu inayosahihishwa, au litoe kabisa kwenye hesabu ya alama.

Majibu kamili yawekwe baada ya siku ya kukusanya kupita. Yaandae mapema lakini yaache bila kuchapishwa. Kuyachapisha na kuuficha ukurasa kwenye menyu hakutoshi, kwani mwenye anwani ataufungua tu na atawagawia wenzake.

Wako wasio na intaneti nyumbani. Ukurasa wa wiki ukichapwa uingie kwenye karatasi moja ya A4. Jaribu mara moja kwa kubonyeza amri ya kuchapa na kutazama onyesho lake. Kama unatoka kurasa tano za menyu na vivuli vya rangi, rahisisha.

## Hatua ya 6: Maandishi na rangi

Fonti moja inatosha, mbili ndiyo mwisho. Maandishi ya kawaida yawe pikseli 16 au zaidi, nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, na mstari mmoja kwenye kompyuta ubebe herufi 45 hadi 75 hivi. Mistari mirefu zaidi humfanya msomaji apotee anaporudi kushoto kuanza mstari mpya. Panga maandishi kushoto. Kuyanyoosha pande zote mbili kunaacha mapengo yasiyo sawa kati ya maneno, na kwa Kiswahili mapengo ni makubwa zaidi kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa.

Utofauti wa rangi ya maandishi na ya usuli una kipimo. Miongozo ya ufikivu (ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia kurasa) ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye msimbo #767676 juu ya nyeupe kinavuka mpaka kwa shida. #999999, ambacho violezo vingi hukipenda, kinaanguka chini ya 3. Njano juu ya nyeupe haisomeki kabisa. WebAIM wana kipimo cha bure mtandaoni: unaweka misimbo miwili, kinakupa uwiano.

Usitumie rangi peke yake kubeba maana. "Kazi zenye rangi nyekundu ni za lazima" inamwacha nje asiyetofautisha nyekundu na kijani, na pia aliyechapa karatasi kwa wino mweusi. Andika neno LAZIMA kando yake.

Vichwa vya sehemu vichaguliwe kutoka kwenye mitindo ya vichwa ya jukwaa lenyewe, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukikoleza tu maneno na kuyakuza, kwa macho yanafanana na kichwa, lakini kisoma skrini anachotumia mwanafunzi asiyeona hakikitambui kama kichwa, na yeye hurukaruka ukurasani kwa kufuata vichwa. Palipo na mpangilio wa lugha, weka Kiswahili. Bila hivyo kisoma skrini kitajaribu kuyatamka maneno yetu kama Kiingereza.

## Hatua ya 7: Picha na mafaili

Simu ya kawaida hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye megabaiti 3 hadi 5. Fanya hesabu: megabaiti 5 ni megabiti 40, na kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo moja inachukua sekunde 40. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa kama JPEG ya ubora 75, kwa kawaida inashuka hadi kilobaiti 150 au 250, na inafunguka ndani ya sekunde mbili bila mtu kuona tofauti. Squoosh ni kifaa cha bure kinachofanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Kosa linalojirudia ni kuivuta picha kwa kipanya hadi ionekane ndogo ukurasani. Majukwaa mengi yatampelekea mwanafunzi faili lilelile kubwa, na kinachobadilika ni onyesho tu.

Picha za vitu na watu ziwe JPEG. Michoro yenye mistari na maandishi iwe PNG, kwa sababu JPEG huacha ukungu pembeni mwa herufi. Ramani ya wazo, grafu na mchoro wa moyo vina kazi ya kufundisha; picha ya vitabu na tufaha juu ya meza haina. Tafiti za Richard Mayer kuhusu ujifunzaji kwa njia ya picha na maneno zimeonyesha jambo ambalo walimu wengi wanalihisi: vitu vya kupendeza visivyohusiana na somo hupunguza kinachobaki kichwani.

Kila picha yenye maana iandikiwe maelezo mbadala, sentensi moja au mbili zinazosema kile ambacho picha inafundisha. "Grafu" ni pungufu. "Grafu inayoonyesha kasi ya usanisinuru ikipanda kadiri mwanga unavyoongezeka, kisha ikibaki palepale" inafaa. Na usitengeneze tangazo kama picha yenye maandishi ndani yake. Halitafutiki, halikuzwi vizuri kwenye simu, halisomwi na kisoma skrini, na kurekebisha tarehe moja kunakulazimu kuanza upya.

Kuhusu PDF: itumie kwa kitu cha kuchapa au chenye mpangilio maalumu, kama karatasi ya maswali. Maelekezo na matangazo yaandikwe moja kwa moja ukurasani, kwa kuwa PDF ya A4 kwenye simu humlazimisha mtu kuvuta kushoto na kulia kwa kila mstari. Ihifadhi kutoka kwenye programu ya kuandikia, ili maandishi yabaki maandishi. Ukilazimika kuskani karatasi ya mkono, tumia nukta 150 kwa inchi na rangi za kijivu. Ukurasa wa A4 utakuwa pikseli 1240 kwa 1754, unasomeka vizuri bila uzito usio na sababu.

Majina ya mafaili yafuate utaratibu mmoja, bila nafasi wala alama ngeni: biolojia-kidato2-wiki05-zoezi.pdf. Nambari za wiki ziwe na tarakimu mbili, la sivyo wiki10 itapangwa kabla ya wiki2. Jina kama "zoezi jipya la mwisho kabisa 3" litakusumbua wewe mwenyewe baada ya mwezi.

Ukigundua kosa kwenye faili lililoko Google Drive, usilifute na kupakia jingine, kwa sababu kiungo cha zamani kitakufa. Pakia toleo jipya juu ya faili lilelile. Anwani inabaki ileile. Kisha andika ukurasani: "Swali la 4 limerekebishwa tarehe 10 Machi."

## Hatua ya 8: Video na vifaa vya mazoezi

Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mwaka 2014 jinsi wanafunzi wa edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walivyotazama video za masomo, wakaona umakini unashuka sana video inapozidi dakika sita. Kwa hiyo gawanya. Video tatu za dakika nne, kila moja na wazo moja, zinashinda somo moja la dakika 12. Taja urefu wake kando ya kiungo, na uandike muhtasari wa mistari mitatu kwa asiyeweza kuitazama. Isijiwashe yenyewe hata kidogo: inakula bando, na inamwaibisha aliyeifungua mahali penye watu. Zaidi ya video mbili zilizopachikwa kwenye ukurasa mmoja huufanya uwe mzito. Zinazobaki ziwe viungo.

Kwa Hisabati, GeoGebra inampa mwanafunzi nafasi ya kusogeza nukta na kuona grafu ikibadilika. Kwa Fizikia na Kemia, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni ya bure na mengi hufunguka kwenye simu. Lakini usiweke tu kiungo na kuandika "jaribu hiki". Mpe mwanafunzi swali: "Ongeza ukinzani kutoka omu 10 hadi 20, volti zibaki zilezile. Mkondo umebadilikaje?"

## Hatua ya 9: Viungo

Maneno ya kiungo yaseme kinakoenda. "Bofya hapa" ikirudiwa mara saba haimsaidii mtu anayepitisha macho wala anayesikiliza. Viungo viwe na mstari chini yake, na maneno mengine yoyote yasipigiwe mstari. Vikikaa kwenye orodha, viachie nafasi, kwani dole gumba si ncha ya kipanya. Kitufe kikiwa na urefu wa pikseli 44 hivi kinaguswa bila kukosea.

Kosa kubwa kuliko yote katika sehemu hii halionekani kwa mwalimu. Faili lako linafunguka vizuri kwako kwa sababu wewe ndiye mwenyewe. Mwanafunzi anakutana na ujumbe wa kuomba ruhusa. Kila ukiweka kiungo, kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambamo hujaingia kwa akaunti yoyote.

## Hatua ya 10: Faragha na hakimiliki

Ukurasa wa wazi unasomwa na mtu yeyote duniani. Usiweke majina kamili ya wanafunzi, alama zao, namba za simu, wala picha zinazoonyesha nyuso bila idhini ya maandishi ya mzazi na utaratibu wa shule. Kuficha majina na kuacha namba za mtihani hakutoshi. Darasani kila mtu anajua namba ya jirani yake. Picha ya kazi ya mwanafunzi ikatwe sehemu ya jina. Zima utambuzi wa mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, kwa sababu simu inaweza kuandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa.

Kuhusu mali za wengine, kitu kupatikana mtandaoni hakukipi mtu ruhusa ya kukichukua. Tafuta vyenye leseni ya Creative Commons, kwa mfano kwenye Wikimedia Commons, na uandike chini yake jina la kazi, mwandishi, ilikotoka na leseni. Kuskani sura nzima ya kitabu cha kiada na kuiweka hadharani usifanye. Kuweka kiungo kwenda kwenye tovuti ya mwenye mali ni salama kuliko kunakili, na pia akirekebisha makosa yake wewe unanufaika.

## Hatua ya 11: Jaribu kabla ya kutangaza

Mwite mwanafunzi mmoja, mpe simu ya kawaida inayotumia data, siyo Wi-Fi ya ofisini. Mwambie: "Tafuta kazi ya wiki hii, uniambie inakusanywa lini." Kisha nyamaza. Usimwonyeshe, usimsaidie, usitetee muundo wako. Tazama kidole kinaenda wapi kwanza. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, kasoro iko ukurasani. Mpe na jukumu la pili: "Ulikosa kipindi cha wiki ya tatu. Pata ulichokosa." Rudia na wawili wengine, akiwemo yule asiyependa kompyuta. Watatu wanatosha kufichua makosa makubwa, na mara nyingi wote watatu hukwama palepale.

Halafu kagua mwenyewe: kuza ukurasa hadi asilimia 200 uone kama kuna kinachokatika, jaribu kupita kwenye viungo kwa kibodi pekee, na igeuze picha ya skrini kuwa nyeusi na nyeupe uone kama maana imebaki.

Anwani iwe fupi. Iandike ubaoni, kwenye jalada la ndani la daftari, na kwenye msimbo wa QR uliobandikwa ukutani darasani. Ikishatoka, usiibadilishe kamwe.

## Hatua ya 12: Dakika 20 za kila wiki

Chagua siku moja na saa moja, na wanafunzi waijue. Nakili kiolezo, badilisha maudhui, hamishia wiki iliyokwisha kwenye "Wiki zilizopita", fungua kila kiungo kipya kwenye dirisha la faragha, badilisha tarehe ya kuhariri. Hatari ya kunakili ni tarehe ya zamani kubaki mahali pamoja uliposahau, kwa hiyo mwisho kabisa soma tarehe tu, kuanzia juu hadi chini, ukilinganisha siku na kalenda.

Nafasi ya maoni iachwe imefungwa isipokuwa una mtu wa kuisoma kila siku. Maswali yaje kwa njia moja uliyoitaja, pamoja na muda wa kujibu unaouweza kweli: "Najibu siku za shule, kabla ya saa 11:00 jioni (17:00)."

Mhula ukiisha, kusanya wiki zake kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ondoa tarehe za kukusanya zilizopitwa, acha maelezo na mazoezi kwa wanaojiandaa na mtihani. Pitia viungo vya nje, kwani vingine vitakuwa vimekufa. Pakua nakala ya mafaili yote, uihifadhi nje ya akaunti hiyo. Na ukihama shule, hamisha umiliki wa mafaili na wa tovuti kwa mwalimu anayebaki wiki moja kabla akaunti yako haijafungwa, kisha muombe afungue kila faili akiwa kwenye akaunti yake.